Kinyama chenye saratani kwenye utumbo mpana: jinsi kinavyotibiwa kwa kamera, na wakati upasuaji unapohitajika

Majibu ya maabara yakirudi na neno saratani, familia nyingi hugawanyika papo hapo. Upande mmoja unataka mgonjwa apasuliwe wiki hiyohiyo. Upande wa pili unasema akiguswa na kisu ndipo itasambaa, bora atafutiwe dawa za miti shamba. Katikati yupo mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine kinyama chake, yaani uvimbe mdogo ulioota ndani ya utumbo, kilishatolewa siku ya kipimo na hajui kama kuna kilichobaki.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa ndugu anayemsindikiza. Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia, ambako kamera nyembamba huingizwa mwilini kuangalia utumbo kwa ndani, na jambo ninalotaka lieleweke ni hili: saratani iliyo ndani ya kinyama cha utumbo mpana, ikiwa bado changa, mara nyingi huisha kwa kukitoa kinyama kizima kwa kamera, bila tumbo kufunguliwa. Lakini neno saratani peke yake halitoshi kuamua chochote. Uamuzi hutokana na mambo matano yanayosomwa chini ya darubini, nayo husomeka vizuri pale tu kinyama kilipotolewa kikiwa kizima na kikatunzwa inavyotakiwa. Kinyama kikiwa cha kutolewa kwa kamera, usikubali kupasuliwa kabla ya kuyajua, na usikatae kupasuliwa kabla ya kuyajua.

Hatua ya kwanza: jua saratani imefika tabaka gani

Ukuta wa utumbo mpana una tabaka nne. La ndani kabisa, linalogusana na choo, ni utando laini. Chini ya utando kuna tabaka la pili, lenye mishipa ya damu na mishipa ya limfu. Linafuata tabaka la misuli, halafu ganda la nje. Vinyama, ambavyo madaktari huviita polipu, huota kwenye utando. Vingi havina saratani na havitakuwa nayo, ila aina iitwayo adenoma inaweza kugeuka polepole, kwa kawaida kwa miaka kumi hivi au zaidi.

Seli zilizoharibika zikiwa bado ndani ya utando, hata zikionekana mbaya kiasi gani, kwa kawaida hazina njia ya kutoka hapo. Ripoti huandika Tis, au husema kuna mabadiliko ya daraja la juu. Kinyama cha namna hiyo kikitoka chote, tiba imekwisha. Kinachobaki ni kurudi kuangaliwa. Inaniuma kila ninapoona mtu mwenye majibu ya aina hii akiwekwa kwenye orodha ya kukatwa utumbo kwa sababu tu kuna mtu aliyesoma mstari wa kwanza wa ripoti na kuishia hapo.

Seli zikivuka utando na kuingia tabaka la pili, ugonjwa huitwa T1. Hapa ndipo tunaposema kinyama kina saratani kwa maana kamili, kwa kuwa sasa seli zinaweza kupata mshipa na kusafiri. Kati ya wagonjwa 100 wa T1, takriban 10 hukutwa na seli zilizokwisha kufika kwenye tezi za limfu, yaani mitoki ya ndani ya tumbo. Hao wanahitaji upasuaji, maana kamera haiwezi kutoa tezi. Waliobaki, karibu 90, wakipasuliwa hukatwa kipande cha utumbo ambacho hakina kitu. Hatua zote zinazofuata zinalenga kubaini mgonjwa yuko upande gani.

Ikifika kwenye misuli ni T2, na kuanzia hapo kamera si tiba tena. Hapo anayehusika ni daktari bingwa wa upasuaji.

Hatua ya pili: kinyama kiangaliwe vizuri kabla hakijaguswa

Makosa mengi hutokea hapa, na huwa hayarekebishiki. Daktari anakuta kinyama kikubwa, anachuna vipande sita au saba kwa ajili ya maabara, anafunga kazi. Vile vidonda vikipona huacha kovu chini ya kinyama, na kovu hukishika chini. Mtaalamu akija kukitoa baada ya wiki nne, kimegandamana na tabaka la chini na hakinyanyuki. Ndiyo maana kinyama kinachoonekana kinaweza kutolewa kwa kamera hakipaswi kuchunwachunwa. Kioshwe, kipigwe picha nzuri na video, kiandikwe kipo wapi na kina ukubwa gani, kisha mgonjwa apelekwe kwa mwenye ujuzi wa kukitoa.

Kuangalia vizuri kunahitaji subira. Kwanza maji, kuondoa ute na mabaki. Kisha mwanga wa kawaida, halafu mwanga wa bluu na kijani ambao mashine nyingi za siku hizi zinao, unaofanya mishipa midogo ya juu ya kinyama ionekane. Umbo linaandikwa kwa herufi zilizotokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika Paris mwaka 2002: Ip ni chenye shina kama uyoga, Is ni kilichokaa moja kwa moja ukutani, IIa ni bapa kilichoinuka kidogo, IIc ni kilichozama katikati. Herufi hizi ziwe kwenye ripoti yako ya kamera. Kama hazipo, uliza.

Kinyama kilichozama, chenye kidonda, kigumu kikisukumwa, au ambacho mishipa yake ya juu imekatikakatika na kupotea, kuna uwezekano mkubwa kimechimba chini. Hicho ndicho cha kuchukuliwa vipande vya maabara na kupelekwa kwa mpasuaji. Kukilazimisha kwa kamera ni kupoteza muda wa mgonjwa.

Mahali kinyama kilipo pawekwe alama ya wino mweusi usio na vijidudu, unaodungwa ukutani sentimita 3 hivi kutoka kwenye kinyama, upande wa kuelekea njia ya haja kubwa, kamwe si chini ya kinyama chenyewe. Kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa, na kwenye mwanzo kabisa wa utumbo mpana alama haihitajiki sana kwa sababu mahali penyewe panajulikana. Kama kinyama kilishatolewa, majibu yamekuja na saratani, na hakuna alama iliyowekwa, rudi mapema. Ndani ya wiki mbili hivi kovu bado linaonekana. Ukikawia miezi, daktari atapita na kamera asione lilikuwa wapi, na mpasuaji atakosa pa kukata.

Kwa kinyama kinachoshukiwa kuwa na saratani hufanywa pia CT skani ya kifua na tumbo, na MRI ya nyonga ikiwa kiko kwenye rektamu. Vipimo hivi huonyesha kama kuna kilichosambaa mbali. Haviwezi kukuambia seli zimechimba milimita ngapi ndani ya tabaka la pili.

Hatua ya tatu: njia ya kukitoa

Mwaka 1969, huko New York, daktari wa Kijapani Hiromi Shinya, akifanya kazi pamoja na William Wolff, alipitisha kitanzi cha waya ndani ya kamera ya utumbo mpana na kukata kinyama bila kufungua tumbo. Njia zote za leo zimeanzia hapo.

Kinyama chenye shina ndicho rahisi zaidi. Kitanzi hupitishwa kichwani, kinashushwa hadi kwenye shina, kinakazwa, na umeme unakata huku ukiziba mishipa. Shina likiwa nene, kuanzia sentimita 1, au kichwa kikiwa sentimita 2 na zaidi, daktari hudunga adrenalini kwenye shina au hulifunga kwanza kwa uzi maalumu au klipu, ili damu isitoke kwa wingi. Muhimu ni kukata chini ya kutosha, kipande cha shina safi kibaki kimeshikamana na kichwa.

Kisicho na shina hunyanyuliwa kwanza. Sindano hupenyezwa chini ya utando na kudungwa maji ya chumvi au majimaji mazito yenye rangi ya bluu. Utaona kwenye skrini utando ukivimba taratibu, kinyama kikipanda juu ya uvimbe wa bluu na kujitenga na misuli. Kikipanda vizuri pande zote, ni dalili njema. Katikati ikibaki imeshikwa huku pembeni kunapanda, ama kuna kovu ama seli zimechimba. Baada ya kunyanyuliwa, kitanzi hukikamata na kukikata. Njia hii huitwa EMR, na inaweza kutoa kinyama kizima kwa mkato mmoja kikiwa hakizidi sentimita 2 hivi.

Kikizidi hapo, EMR hukitoa vipandevipande. Kwa kinyama kisicho na saratani hiyo si shida kubwa. Kwa kinachoshukiwa kuwa na saratani ni shida, kwa sababu vipande kumi na viwili ndani ya chupa havimwonyeshi mtu wa maabara ukingo ulikuwa wapi wala seli zilifika kina gani. Hapo ndipo ESD inapohitajika. Daktari hutumia kisu kidogo sana chenye umeme, anazunguka kinyama akikata utando, kisha anaingia chini yake na kukichonoa kutoka kwenye tabaka la pili hadi kitoke kizima, hata kikiwa na sentimita 5. Njia hii ilikuzwa Japani, na tangu 2012 bima ya afya ya nchi hiyo imekuwa ikiilipia kwa vinyama vya utumbo mpana. Inachukua saa moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi, na inahitaji daktari aliyefundishwa kwa muda mrefu.

Kwa kinyama kidogo kilichoganda kwa kovu kuna kifaa kingine, kinachobana ukuta mzima kwa klipu kubwa na kukata juu yake, tabaka zote kwa mpigo. Kwenye rektamu wapo pia wapasuaji wanaoingia kwa njia ya haja kubwa na vifaa maalumu, njia iliyoanzishwa na Mjerumani Gerhard Buess mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Afrika Mashariki hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi na Aga Khan Nairobi, zina vitengo vya endoskopia. Kutoa kinyama chenye shina ni kazi ya kawaida kwa daktari aliyezoea kamera. ESD ni habari nyingine, na unapaswa kuuliza waziwazi: "Daktari, kinyama cha aina hii umeshakitoa mara ngapi kikiwa kizima? Kama si hapa, nani anafanya?" Swali hilo si utovu wa adabu. Daktari mzuri hulipokea, na akiona hawezi atakuandikia rufaa. Bima pia iulizwe mapema kwa jina kamili la tiba, maana mara nyingi kipimo cha kamera kina kibali chake na tiba ina kingine.

Hatua ya nne: maandalizi nyumbani

Utumbo ukiwa na choo hakuna kinachofanyika. Siku tatu kabla acha maharage, mboga za majani, mahindi, dona, karanga, na matunda yenye mbegu kama mapera, pasheni na tikiti. Kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku, viazi vilivyomenywa. Siku ya mwisho kabla ya kipimo ni vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili: supu iliyochujwa, chai ya rangi, maji ya dafu. Usinywe rozela wala chochote chekundu au cha zambarau, kwani rangi yake ikibaki utumboni hufanana na damu.

Dawa ya kusafisha tumbo inywe kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe, ukimaliza angalau saa mbili kabla ya kamera. Wengi huimaliza yote jioni ili walale. Wakifika kwetu, upande wa kulia wa utumbo umeshafunikwa na ute wa njano na vinyama bapa vimejificha chini yake. Umesafika pale unachotoa kikiwa maji ya njano hafifu unayoweza kuona sakafu ya choo kupitia kwake. Ukiona bado ni kahawia, wapigie simu hospitali kabla hujatoka nyumbani.

Dawa nyingine unazotumia zitajwe zote. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku saba kabla, kwa kuwa hufanya choo kiwe cheusi na kinachonata. Aspirini kwa kawaida huendelea. Warfarini husimamishwa siku tano, klopidogreli siku tano hadi saba, na zile mpya za kuzuia damu kuganda siku tatu au zaidi kutegemea figo. Lakini usijisimamishie mwenyewe. Mwenye vali ya moyo ya kuwekewa, au aliyewekewa waya kwenye mshipa wa moyo miezi michache iliyopita, anaweza kupata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kuacha vidonge hivyo bila mpango. Mwenye kisukari aulize kuhusu insulini na vidonge vya asubuhi, kwa sababu siku hiyo hali chakula.

Uje na mtu. Baada ya dawa ya usingizi hutaendesha gari wala pikipiki kwa saa 24, hata ukijiona mzima.

Hatua ya tano: siku yenyewe, na kazi ndogo inayosahaulika

Vinyama vingi hutolewa kwa dawa ya usingizi mwepesi ya mshipani. ESD ndefu mara nyingine hufanywa kwa nusu kaputi. Utumbo hujazwa gesi, na penye uwezo hutumika hewa ya ukaa kwa kuwa mwili huifyonza haraka na tumbo haliumi baadaye. Kidonda kinachobaki hukaguliwa kwa makini: mshipa unaoonekana huzibwa, mahali palipokonda hufungwa kwa klipu.

Kisha inakuja kazi ambayo mgonjwa haioni na ambayo kwangu ni nusu ya tiba. Kinyama kisicho na shina kikitoka hujikunja. Kikitupwa hivyohivyo kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, kinakakamaa kikiwa kimejiviringisha, na mtu wa maabara atakikata mshazari bila kujua ukingo uko wapi. Kwa hiyo tunakitandaza juu ya kipande cha koki au sponji ngumu, utando ukiangalia juu, na kukipigilia pini nyembamba kuzunguka ukingo wote, kwa upole, bila kukivuta hadi kikapasuka. Tunaandika upande upi ulikuwa wa juu na upi wa chini. Ndipo koki nzima inazamishwa kwenye formalini, kinyama kikielekea chini. Maabara wakikipokea hivyo, wanaweza kukikata vipande vya milimita 2 hadi 3 na kupima kila ukingo. Chenye shina hupewa alama pale shina lilipokatwa. Dakika chache hizi ndizo zinazoweza kumwepusha mtu na upasuaji usio wa lazima. Ndugu msindikizaji, uliza: "Kinyama kimetandazwa? Kinaenda maabara gani? Majibu lini?" Uandike majibu.

Baada ya kurudi nyumbani

Siku ya kwanza vinywaji na uji mwepesi, kisha chakula laini. Kwa wiki mbili usinyanyue mizigo mizito, wala usisafiri kwenda mahali ambapo hospitali iko mbali, kwani damu inaweza kuanza kutoka hata siku ya kumi na nne. Anayeishi mbali na mjini ni bora akae kwa ndugu karibu na hospitali siku hizo.

Rudi hospitali usiku huohuo, usingoje asubuhi, ukiona damu nyingi mbichi au mabonge, choo cheusi kama lami, kizunguzungu unaposimama, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, tumbo kuwa gumu, au homa. Utumbo kutoboka hutokea kwa mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 kwa EMR, na takriban 5 kati ya 100 kwa ESD, na mengi ya matundu hayo huonekana palepale na kufungwa kwa klipu. Linaloonekana baadaye ndilo la hatari. Wapo pia wanaopata maumivu na homa bila tundu, kwa sababu joto la umeme limechoma ukuta, nao hupona kwa dripu na antibiotiki. Kutofautisha hali hizo mbili ni kazi ya daktari.

Hatua ya sita: kusoma ripoti ya maabara

Majibu kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili. Omba nakala yako. Kaa na daktari muipitie mstari kwa mstari, mkitafuta mambo matano.

La kwanza ni ukingo. R0 maana yake pembeni na chini ni safi. R1 maana yake seli za saratani zimefika kwenye mkato. Rx maana yake haijulikani, na mara nyingi hutokana na kinyama kutolewa vipandevipande. Umbali kati ya saratani na mkato unaotakiwa ni angalau milimita 1.

La pili ni daraja la seli. G1 na G2 zimekomaa kiasi. G3 ni seli zisizokomaa, zenye tabia ya ukali.

La tatu ni mishipa. Seli zikionekana ndani ya mshipa wa limfu au wa damu, ripoti huandika L1 au V1, au LVI ipo. Hili ndilo ninaloliangalia kwanza, kwa kuwa seli iliyo ndani ya mshipa tayari imeshaanza safari. L0 na V0 ni habari njema.

La nne ni vichipukizi, yaani makundi madogo ya seli moja hadi nne yaliyojitenga kwenye ukingo wa mbele wa saratani. Bd1 ni machache, Bd2 na Bd3 ni mengi na yanaongeza hatari. Maabara nyingi haziandiki kipengele hiki zisipoombwa, kwa hiyo daktari wako aombe.

La tano ni kina. Kwa kinyama kisicho na shina hupimwa kwa mikroni, na mstari unaotajwa kila mahali ni 1,000, yaani milimita 1 ndani ya tabaka la pili. Baadhi ya ripoti hugawa tabaka hilo mara tatu: sm1 ni theluthi ya juu, sm3 ya chini kabisa. Kwa chenye shina hutumika ngazi za Haggitt, za mwaka 1985: 1 saratani iko kichwani, 2 shingoni, 3 ndani ya shina, 4 imeshuka chini ya shina na kuingia ukutani. Ngazi ya 1 hadi ya 3, mengine yote yakiwa safi, uwezekano wa tezi kuguswa hauzidi 1 kati ya 100.

Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kina peke yake, bila dosari nyingine yoyote, si cha kutisha kama kilivyodhaniwa: hatari iko karibu 3 kati ya 100. Kwa hiyo mtu mwenye mikroni 1,400 lakini L0, V0, Bd1, G2 na R0 ana nafasi ya kweli ya kujadili kubaki bila upasuaji. Mwenye L1 pamoja na Bd3 hana nafasi hiyo, hata kama kina ni kidogo. Dosari mbili tatu zikikutana hatari inaweza kufika 20 kati ya 100 na kuzidi.

Ikiwa ripoti haina vipengele hivi, usikubali iwe mwisho. Vioo vya darubini na vipande vya nta ambamo kinyama kimehifadhiwa hubaki maabara. Unaweza kuomba visomwe tena na mwanapatholojia aliyebobea kwenye utumbo, hata katika hospitali nyingine. Kusomwa mara ya pili hubadilisha majibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa pande zote mbili.

Hatua ya saba: kuamua

Mambo matano yakiwa safi, wengi hawahitaji upasuaji. Yakiwa na dosari, mizani inakuwa kati ya hatari ya tezi na hatari ya upasuaji kwa mtu huyu mmoja. Kukata utumbo mpana kwa mpango, katika hospitali nzuri, huua takriban mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100, na kwa wazee sana au wenye moyo na mapafu dhaifu ni zaidi. Pale utumbo ulipounganishwa panaweza kuvuja, hasa kwenye rektamu. Saratani ikiwa chini kabisa ya rektamu, upasuaji unaweza kumwacha mtu na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Kijana wa miaka 38 mwenye L1 ningemshauri apasuliwe bila kusita. Bibi wa miaka 84 mwenye moyo uliochoka, ambaye dosari yake ni kina tu, ningekaa na wanawe na kuwaeleza kwamba kumwacha na kumfuatilia ni uamuzi wa kitabibu, si kumtelekeza.

Kuanza na kamera hakuharibu upasuaji wa baadaye. Waliotolewa kinyama kwanza, kisha wakapasuliwa baada ya ripoti kuonyesha dosari, wameendelea sawa na waliopasuliwa moja kwa moja. Hofu ya kwamba saratani ikiguswa na kamera itasambaa haina msingi. Kinachoharibu mambo ni kukawia miezi baada ya kuambiwa upasuaji unahitajika.

Uamuzi bora hufanywa na daktari wa kamera, mpasuaji, mwanapatholojia na daktari wa saratani wakikaa pamoja. Baadhi ya hospitali za rufaa zina kikao cha namna hiyo. Omba kesi yako ipelekwe.

Hatua ya nane: kufuatiliwa

Aliyebaki bila upasuaji hajaruhusiwa kupotea. Kamera ya kuangalia kovu hufanywa baada ya miezi 3 hadi 6, na kama kinyama kilitolewa vipandevipande isizidi miezi 6, kwani kwa EMR ya namna hiyo kinyama huweza kuota tena kwa watu 15 hadi 20 kati ya 100. Timu ya Michael Bourke huko Sydney ilionyesha mwaka 2019 kwamba kuchoma ukingo wa kidonda kwa ncha ya kitanzi hushusha kiwango hicho hadi karibu 5. Muulize daktari kama alifanya hivyo. Kamera nyingine hufuata baada ya mwaka, kisha mitatu. Kwa wenye dosari huongezwa kipimo cha damu cha CEA, protini inayoweza kupanda saratani ikirudi, kila miezi 3 hadi 6, na CT skani kwa vipindi, kwa miaka mitano.

Katikati ya ratiba, damu yoyote kwenye choo iangaliwe. Huku kwetu kila damu huitwa bawasiri, na dawa ya kupaka hununuliwa duka la dawa bila mtu kuangaliwa. Upungufu wa damu usioelezeka kwa mwanaume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, nao ni sababu ya kutafuta kamera.

Mgonjwa akiwa chini ya miaka 50, omba kipande chake cha nta kipimwe protini za MMR, zinazorekebisha makosa ya DNA ndani ya seli, ili kujua kama ugonjwa huenda ni wa kurithi. Ikiwa ni hivyo, ratiba ya familia nzima hubadilika. Hata bila urithi huo, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja huanza kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao yeye aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Mwenye dalili leo hangoji umri huo.